Daftari la wadaiwa wa Treichville

Jumapili ya kwanza ya mwezi Machi mwaka 2007 nilikabidhiwa madaftari matano ya hesabu katika ua wa nyumba moja ya mtaa wa Treichville, mjini Abidjan. Mzee aliyenikabidhi hakunipa maelekezo yoyote ya kazi. Aliniomba jambo moja tu, kwa Kifaransa cha taratibu ili nimwelewe: madaftari yale yasipelekwe ofisini kwangu, kwa kuwa hayajawahi kulala nje ya nyumba ya mwanachama.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na kazi yangu ni uhasibu. Nilifika Kodivaa, nchi ambayo wengi wetu bado tunaiita Ivory Coast, mwaka 2005, kwa sababu ya ndoa. Mume wangu, ambaye tulikutana masomoni Accra, alizaliwa Treichville na wazazi waliotoka Ejigbo, mji wa Wayoruba ulioko katika jimbo la Osun, kusini-magharibi mwa Nigeria. Kama wenzake wengi wa rika lake, alikuwa Myoruba aliyefikiri kwa Kifaransa, akapatana bei sokoni kwa Kijula, lugha ya biashara ya huko, na akaitika kwa Kiyoruba pale mama yake alipomwita. Chama cha watu wa mji wao kilikuwa hakina mtunza hesabu tangu aliyekuwapo alipohamia Ufaransa, na mama mkwe wangu ndiye aliyesimama mkutanoni akasema kwamba mke wao mpya anajua namba. Sikuulizwa.

Neno alilolitumia ni *iyawo*, nami nililizoea haraka kwa sababu watu wa pwani yetu pia humwita mwanamke aliyeolewa katika ukoo "mke wetu". Nililochelewa kulielewa ni uzito wake. Kwa Wayoruba, mke huhesabiwa umri wake ndani ya ukoo kuanzia siku aliyoolewa, kwa hiyo mtoto wa miaka sita aliyezaliwa humo kabla ya harusi yangu alikuwa mkubwa wangu kwa cheo, naye aliniita *iyawo* kama baba yake alivyoniita. Wanawake hupiga magoti kusalimia wakubwa na wanaume wa mila hulala kifudifudi. Mtu aliyelelewa kwa "shikamoo" hawezi kushangazwa sana na hayo, lakini kupiga magoti mbele ya mwanachama ambaye dakika kumi baadaye unatakiwa kumwambia kwamba ana malimbikizo ya ada ya miezi kumi na minane ni jambo linalohitaji mazoezi.

Uhusiano wa Ejigbo na Abidjan ni wa zamani. Wafanyabiashara wa mji huo walianza kwenda katika koloni hilo la Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 20, wakawavuta wadogo zao, wadogo wakawavuta wake na wapwa, hata leo katika soko la Ejigbo unaweza kusikia Kifaransa, faranga za CFA zinapokelewa, na mabasi huondoka pale moja kwa moja kuelekea Abidjan, yakipita Benin, Togo na Ghana. Kutoka Lagos pekee barabara hiyo ya pwani ina urefu wa kilomita zipatazo 1,000. Wenyeji wa Abidjan huwaita Wayoruba wote *Anango*, lakini wenyewe wakiwa peke yao hawaanzi na kabila. Huanza na mji: huyu ni wa Ejigbo, yule wa Ogbomoso, yule wa Offa. Chama cha mji ndicho kinachozika. Umoja wa Wayoruba wote huja juu yake, kwa sherehe na kwa kuonana na wakubwa wa serikali. Na umoja wa Wanigeria uko juu zaidi, ambako mtu huenda akiwa na shida ya pasipoti. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba mambo haya ya vyama ni mabaki ya kijijini. Sikubaliani, kwa sababu Wayoruba wengi wamejikusanya vizuri zaidi wakiwa mbali. Hata chama mashuhuri cha Egbe Omo Oduduwa, ambacho mwanasiasa Obafemi Awolowo alikuwa miongoni mwa waasisi wake, kilianzia London mwaka 1945 kabla ya kuzinduliwa Ile-Ife, Nigeria, mwaka 1948.

Mkutano wetu ulifanyika kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi alasiri, nao ulifunguliwa kwa sala mbili. Imamu mmoja mstaafu alisoma Fatiha, kisha mama mmoja wa kanisa akaomba kwa jina la Yesu, na watu wote waliitikia amina zote mbili. Katika familia nyingi za Ejigbo kaka ni Mwislamu na dada ni Mkristo, na hakuna anayeona haja ya kulieleza jambo hilo kwa mgeni. Baada ya sala ulikuja usomaji wa majina. Hapo ndipo madaftari yalipoingia kazini.

Daftari la kwanza lilikuwa la ada, faranga 1,000 kwa mwezi. La pili lilikuwa la misiba na sherehe, yaani nani alifiwa, nani alikwenda, nani alitoa kiasi gani, na kitambaa gani kilichaguliwa kuwa sare ya siku hiyo, kwa maana Wayoruba hawaendi kwenye shughuli kubwa bila *aso ebi*, kama sisi tusivyokwenda harusini bila kuulizana sare. La tatu lilikuwa la *esusu*, ambao ni upatu wetu huuhuu: watu ishirini wanatoa kiasi kilekile kila wiki na mmoja anapokea chungu chote, zamu kwa zamu. Neno hilo limesafiri kuliko watu wengi. Ghana wanasema *susu*, na Trinidad pia wanasema *susu*, kwa kuwa wazee wao walivushwa bahari wakiwa watumwa na hawakuliacha nyuma. La nne lilikuwa la miradi ya nyumbani Ejigbo. La tano halikuwa na kichwa kwenye jalada, lakini wote waliliita *iwe gbese*, daftari la madeni.

Nilipolifungua hilo la tano nilisisimka kama daktari aliyeona ugonjwa alioufanyia mtihani. Kulikuwa na madeni ya mwaka 1987. Kulikuwa na watu ambao hawakuwa wamekanyaga mkutanoni kwa miaka kumi na mitano. Wengine walikuwa wamehamia Accra, Lomé, Cotonou, Libreville. Mmoja alikuwa na alama ya kuuliza mbele ya jina lake, iliyoandikwa kwa wino wa mtu aliyekwisha kufariki. Jumla ya madeni hayo ilikuwa kubwa kuliko fedha zote zilizokuwa katika kasha la chama. Ofisini kwetu, katika kampuni iliyosafirisha kakao nje, deni la namna hiyo lilifutwa vitabuni baada ya miaka michache, kwa sababu mizania inayobeba mikopo chechefu inamdanganya mwenye kuisoma. Nikaandaa taarifa ya kurasa nne, mume wangu akaitafsiri kwa Kiyoruba usiku kucha, na katika mkutano wa Juni nikapendekeza kwamba madeni yote yaliyozidi miaka mitano yafutwe.

Sikuwahi kusikia ukimya kama ule katika ua uliokuwa na Wayoruba wapatao sitini. Kisha wakasema wote kwa pamoja. Mama mkwe wangu alitazama chini. Nikajaribu kujitetea kwa methali, nikidhani wazee wa kila mahali hupenda methali, nikamwambia mume wangu awafasirie kwamba kwetu husemwa dawa ya deni ni kulipa, na deni lisilolipika halina dawa ila kulitupa. Mzee aliyenikabidhi madaftari, ambaye ndiye aliyekuwa Baba Egbe, yaani mlezi wa chama, aliinua mkono na ua ukanyamaza.

"Iyawo," akasema, "aliyelipa anaweza kuondoka bila kuaga. Huyu ambaye unataka kumfuta, utamwitaje kesho?"

Taarifa yangu haikupigiwa kura. Ilikunjwa na kuwekwa ndani ya daftari la tano, na kwa ninavyofahamu bado imo.

Sikukubali moyoni. Nilidhani nimekutana na mzee asiyetaka kusumbuliwa, na pengine ningebaki na dhana hiyo kama asingeniita nyumbani kwake wiki mbili baadaye kunisimulia ya Ghana. Alikuwa kijana wa duka mjini Kumasi, akiuza vyombo vya bati na vitambaa, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 1960 ilihesabu Wayoruba wapatao 100,000, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wa sokoni na wengi wakiwa wamezaliwa hukohuko. Tarehe 18 Novemba 1969 serikali ya Waziri Mkuu Kofi Busia ilitoa amri kwamba kila mgeni asiye na kibali cha kuishi apate kibali hicho au aondoke nchini ndani ya siku 14. Wiki mbili hazitoshi kuuza duka. Aliacha mabati, akaacha kitanda, akaacha mashine ya kushonea ya mke wake kwa jirani, na akapanda lori na mfuko wa nguo na daftari la wateja waliochukua bidhaa kwa mkopo. Alifika Ejigbo, mji ambao aliujua kwa masimulizi zaidi kuliko kwa macho, akakaa huko kama mgeni, kisha akamfuata mjomba wake Abidjan. Miaka kadhaa baadaye, serikali ya Busia ilipokwisha kupinduliwa, alirudi Kumasi kwa wiki moja akiwa na lile daftari. Watu 41 walikuwa wameandikwa ndani yake. 17 walimlipa, na kati ya wale ambao hawakulipa, watatu walimlisha na kumlaza.

"Duka lilichukuliwa," aliniambia. "Nyumba ilichukuliwa. Deni halichukuliki, kwa sababu halipo kwako, lipo kwa mwenzako."

Nililazimika kuongeza, kwa kuwa nilikuwa nimeishi Accra, kwamba mwaka 1983 Nigeria nayo iliwafukuza wageni, na Waghana waliotoka huko walikuwa wengi mno hata ule mfuko wa mraba wenye miraba ya rangi, ambao Tanzania tunauita "shangazi kaja", unaitwa katika Afrika Magharibi kwa jina la kufukuzwa kwao. Mzee alicheka. Alisema kwamba anao mifuko mitatu ya namna hiyo chini ya kitanda na kila mwaka mke wake huitoa kuifuta vumbi.

Kodivaa haikuwa imewafukuza, lakini haikuwa imewaambia wakae. Tangu mabadiliko ya sheria ya uraia ya mwaka 1972, kuzaliwa katika ardhi ile peke yake hakukumpa mtoto wa wazazi wageni uraia, kwa hiyo mume wangu, aliyezaliwa hospitali iliyokuwa mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani kwao, alikuwa mgeni kwa karatasi maisha yake yote. Katika miaka ya 1990 wageni walitakiwa kununua kadi ya ukaazi, na kukaguliwa kadi hiyo barabarani kulikuwa na bei yake isiyoandikwa popote. Mwaka 2007, mwaka uleule nilioanza kazi ya daftari, kadi hiyo ilifutwa kwa raia wa nchi za ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi. Siku habari hiyo ilipotangazwa watu walipongezana, ila Iya Egbe, mama mkuu wa chama, muuza vitambaa wa mtaa wa Adjamé, alichukua kadi yake na kuirudisha ndani ya bahasha ileile alimokuwa akiitunza. Alisema kwamba karatasi iliyofutwa na mtu mmoja inaweza kurudishwa na mwingine.

Msiba mmoja ulinisogeza zaidi kuliko masimulizi. Mwanachama mmoja, fundi wa magari, alifiwa na mama yake Ejigbo wakati alipokuwa na malimbikizo ya miaka mitatu. Kanuni iliandikwa wazi kwamba mwenye malimbikizo ya zaidi ya mwaka hapewi mchango wa msiba, na mimi, nikiwa na kanuni mkononi, niliisoma kwa sauti. Wazee walisikiliza mpaka mwisho, wakanishukuru kwa kuisoma vizuri, kisha wakampa mchango wote na wakachagua watu wawili wa kupanda basi pamoja naye. Katika daftari la tano waliniagiza niandike kwamba anadaiwa ada ya miaka mitatu pamoja na mchango wenyewe. Sikuona mantiki ya kumwongezea deni mtu aliyeshindwa deni dogo. Fundi yule alirudi baada ya arobaini, akaja mkutanoni kila mwezi, akalipa faranga 500, wakati mwingine 300, na alitengeneza basi dogo la chama kwa miaka minne bila kudai ufundi. Nilipotaka kuhesabu ufundi huo ili tuukate katika deni lake, yeye mwenyewe alikataa.

Mwaka 2009 nilipata ushindi wangu wa pekee. Fedha za chama zilikuwa zikilala katika kasha la chuma chumbani kwa Iya Egbe, na nilifanya kampeni ya miezi saba, nyumba kwa nyumba, ili zipelekwe benki. Nilieleza wizi, moto, panya. Mwishowe walikubali fedha za ada na za miradi ziende benki, lakini fedha za *esusu* zibaki, kwa kuwa Iya Egbe alisema kwamba chungu cha wanawake hakiwezi kusubiri foleni. Nilifungua akaunti yenye sahihi tatu na nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Uchaguzi wa urais wa Novemba 2010 ulizaa marais wawili walioapishwa siku moja, na kufikia katikati ya Februari 2011 benki za Abidjan zilikuwa zinafunga milango moja baada ya nyingine. Yetu ilifunga. Nilikwenda mara mbili kusimama mbele ya geti lake, katikati ya watu waliokuja na vitabu vyao vya akiba, kana kwamba kusimama kwangu kungelifungua. Zaidi ya faranga milioni nne za chama zilikuwa ndani. Wakati huohuo vijana walikuwa wameweka vizuizi mitaani wakikagua vitambulisho, na mtu mwenye jina la kigeni hakujua kama atafika kazini. Mapigano yalianza upande wa mtaa wa Abobo na kusambaa. Nilikwenda kwa Iya Egbe kuomba radhi, nikapiga magoti bila kukumbuka kwamba ni desturi; nilipiga kwa sababu miguu iliisha nguvu. Hakunilaumu. Alifungua kasha, akatoa fedha za *esusu*, akavunja zamu iliyokuwa imepangwa mwanzoni mwa mwaka, na wanawake kumi na wanane wakakubaliana, katika dakika zisizozidi ishirini, kwamba zamu sasa ni ya mwenye watoto wadogo na asiye na mwanamume nyumbani. Nimeshiriki vikao vingi vya bodi katika maisha yangu na sijaona uamuzi wa fedha uliofanywa upesi na kwa haki kiasi kile.

Wakati huo ndipo Baba Egbe aliponiita na daftari la tano. Alitaka nimsomee majina ya wadaiwa waliokuwa nje ya nchi, mji kwa mji, kwa kufuata barabara: Accra, kisha Lomé, kisha Cotonou. Alikuwa na namba zao za simu katika kitabu kidogo alichokiweka mfukoni mwa joho. Katika miaka yote ile alikuwa amewapigia kila mwaka kuwakumbusha deni, mara nyingi wakati wa *Ileya*, ndiyo Idi yetu ya kuchinja, na wakati wa Krismasi. Aliwapigia tisa mbele yangu. Hakuomba kitu. Alisalimia, akauliza habari za watoto, akataja kiasi cha deni, kisha akasema kwamba watu wetu wanakuja na watapita mlangoni kwake. Mmoja alikata simu. Mmoja alisema hana nafasi, wawili hawakupatikana. Watano walisema waje.

Niliondoka na mtoto wangu wa miaka mitatu katika kundi la pili, kwenye basi lililotengenezwa na yule fundi, kuelekea mpaka wa Noé. Mume wangu alibaki kwa sababu wanaume walipeana zamu ya kulinda maduka. Njiani tulisimamishwa mara nyingi, na kila mara aliyekuwa akizungumza alikuwa mama mmoja mzee aliyejua kusema Kijula kwa namna ya kumfanya kijana mwenye panga akumbuke bibi yake. Tulivuka Elubo, upande wa Ghana, jioni, tukafika Accra asubuhi.

Mwenye nyumba tuliyopelekwa alikuwa mtu wa makamo, mwuza vipuri, aliyeondoka Abidjan mwaka 1994 baada ya faranga ya CFA kushushwa thamani nusu nzima mbele ya faranga ya Ufaransa mwezi Januari. Biashara yake ya kuagiza bidhaa ilikufa mwezi uleule. Alikuwa anadaiwa faranga 86,500, nami nililijua hilo kabla sijaiona sura yake, kwa kuwa jina lake lilikuwa mstari wa tatu katika orodha niliyoipendekeza ifutwe. Alitufungulia geti, akatuhesabu, tulikuwa kumi na mmoja, akamwita mkewe aweke maji jikoni. Kisha mama mzee alipomwambia kwamba huyu *iyawo* ndiye anayeshika daftari, alinigeukia na kuniuliza kwa Kifaransa:

"Bado nimo?"

Nilimjibu kwamba yumo. Aliuliza kiasi, nikamtajia. Akauliza kama wameliongeza kwa sababu ya kushuka kwa faranga, nikamweleza kanuni ya wazee, kwamba deni la chama halipandi wala halishuki, kwa kuwa Waislamu walikataa riba na Wakristo hawakuona sababu ya kubishana nao. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa salamu kutoka kwao. Tulikaa nyumbani kwake wiki saba. Sikumwambia habari za taarifa yangu ya kurasa nne, na nadhani sitamwambia.

Laurent Gbagbo, mmoja wa wale marais wawili, alikamatwa tarehe 11 Aprili 2011, benki zikafunguliwa mwishoni mwa mwezi huo, na fedha zetu zilikuwamo zote, bila pungufu. Katika mkutano wa kwanza baada ya kurudi niliwasomea salio, wakapiga makofi, na Baba Egbe akapendekeza kwamba tangu siku hiyo nusu ikae benki na nusu katika kasha. Nilikuwa nimeandaa pendekezo hilohilo. Nililiacha mfukoni, lipite kwa sauti yake.

Nisingependa msomaji adhani kwamba chama hiki ni pepo ndogo. Mwaka 2014 iligundulika kwamba aliyekuwa mweka hazina alikuwa ametumia fedha za kisima kirefu cha Ejigbo kununulia mzigo wa duka lake. Niliona mapema risiti zisizolingana, nikasema, nikaambiwa ningoje. Hakushtakiwa polisi. Aliandikwa katika daftari la tano, kama mwanachama aliyeshindwa ada, na adhabu yake ilikuwa kuendelea kuhudhuria kila mkutano akikaa karibu na mlango, huku jina lake likisomwa. Wazee waliniambia ni adhabu nzito kuliko jela. Labda ni kweli kwake. Lakini watu wa Ejigbo walisubiri maji miaka miwili zaidi, na wao hawakuwamo uani kuona aibu yake. Nilisema wakati ule, na nasema sasa, kwamba wizi wa fedha za umma na uzito wa maisha ni vitu viwili visivyopaswa kuandikwa katika ukurasa mmoja. Hatukukubaliana, nami nikaendelea kushika kalamu.

Kuna jingine. Wanawake ndio waliobeba chama wakati wa vita, na kwa mwaka wa kawaida fedha zilizopita katika *esusu* yao zilikuwa nyingi kuliko ada zote za wanaume. Hata hivyo sikuwahi kuona mwanamke akiwa mwenyekiti katika miaka yote niliyokaa pale. Nao vijana waliozaliwa Treichville na Yopougon walikuwa wameanza kuuliza, kwa Kifaransa, kwa nini wachangie kisima cha mji ambao hawajalala hata usiku mmoja, wakati mtaro wa mbele ya nyumba yao unafurika kila mwezi wa Juni. Wazee waliwajibu kwa methali: *Ajo ko dun ki onile ma rele*, safari haiwi tamu hata mwenye kwao asirudi kwao. Kijana mmoja aliuliza, kwa adabu kamili, kwao kwake ni wapi. Swali hilo lilibaki bila jibu mpaka mkutano ukafungwa kwa sala zake mbili.

Tulihamia Dar es Salaam mwaka 2018, kwa ajili ya kazi ya mume wangu na kwa ajili ya mama yangu aliyekuwa anazeeka. Nilikabidhi madaftari kwa msichana mmoja mwenye shahada ya hesabu, mzaliwa wa Treichville, katika ua uleule, na nikamwomba asiyapeleke ofisini kwake. Baba Egbe alikuwa amekwisha kufariki. Alizikwa Ejigbo, na basi mbili zilimsindikiza. Tulipoaga, nilitaka kulipa ada zetu za miaka mitano ijayo kwa mkupuo, kwa kuwa ndivyo ninavyofanya na bima. Iya Egbe alizirudisha fedha mkononi mwangu na kunikunja vidole juu yake.

Sasa kila Januari hupokea ujumbe wa sauti kutoka Abidjan. Msichana yule husalimia kwa Kiyoruba, huuliza habari za mtoto, za mama, za mvua, kisha hutaja kiasi tunachodaiwa, kwa sauti ya mtu anayesoma mstari katika daftari. Mwaka huu nilituma karibu zote. Nilibakiza faranga 2,000.